Fundi wa kanda wa Petit-Goâve na mvua iliyokataa kubanwa

Saa mbili asubuhi, Yvrose Desamours yuko mezani kwake, hedfoni shingoni, anabishana na mteja. Mteja ni mwashi mmoja kijana mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Amekuja na kanda mbili za bendi ya kompa, muziki wa dansi wa kwao, alimokuwa akipiga marehemu mjomba wake, na simu yenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

"Niwekee nyimbo zote, dada. Hata moja isibaki."

"Zitaingia zote," Yvrose anamjibu bila kuinua macho. "Lakini nikizibana kiasi hicho, tarumbeta za mjomba wako zitasikika kama zinapigwa ndani ya ndoo."

"Ndoo ya chuma au ya plastiki?"

"Ya plastiki. Na ina maji."

Mwashi anacheka, anakuna kidevu. Yvrose anamvalisha hedfoni na kumchezea kipande kimoja mara mbili, bila kumwambia kipi kimebanwa sana na kipi kimebanwa kidogo. Mara ya pili mwashi anakunja uso. Anatoa hedfoni taratibu.

"Hiyo ya pili imemtoa mjomba bendi," anasema. "Basi punguza nyimbo. Zile za matangazo ya bia ziache."

Ndivyo siku inavyoanza katika chumba hiki chenye mlango mmoja, karibu na soko la Petit-Goâve, mji wa pwani. Nje, dada yake Yvrose anakata dous makos, peremende laini ya maziwa, vipande vipande kwa ajili ya wapita njia, na harufu ya maziwa na sukari iliyochemka inaingia hadi kwenye mashine.

Yvrose ana umri wa miaka hamsini na mbili. Kazi yake ni kutoa sauti kwenye kanda za zamani na kuziweka kwenye simu na kompyuta. Kwa maneno yake mwenyewe, sehemu ngumu si kuitoa sauti. Sehemu ngumu ni kuamua utaibana kiasi gani.

"Sauti ikitoka kwenye kanda inakuwa nzito," anaeleza. "Kanda moja tu ingejaza simu ya mtu. Kwa hiyo unaipa programu ya kubana. Ile programu haina huruma wala ubaya. Inatupa kile inachodhani sikio halitakikosa. Ukiibana kidogo, inatupa vitu vilivyojificha nyuma ya sauti kubwa. Ukiibana sana, inaanza kutupa watu."

Kwa kanda moja hutoza gudi mia tatu, pesa ya nchi yake. Kuna wiki anapata wateja kumi, kuna wiki hapati hata mmoja, na siku hizo nyumba huendeshwa na sinia la dous makos. Umeme wa mji huja unapotaka. Mashine zake zinategemea paneli moja ya jua na betri iliyotolewa kwenye lori, na kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo hufunga mlango na kwenda kumsaidia dada yake kukoroga sufuria.

Lakini haikuwa pesa iliyomleta kwenye kazi hii. Ilikuwa ni baba yake.

Baba yake, ambaye mji mzima ulimwita Bosi Anélus, alikuwa fundi redio. Miaka ya themanini, wanaume wa Petit-Goâve walipokuwa wakiondoka kwa makundi kwenda Nassau, Cayenne na New York, yeye aligundua kwamba watu hawakuja kwake tena kutengeneza redio tu. Walikuja kutafuta mahali pa kusemea.

Wengi hawakujua kuandika. Na hata waliojua, Yvrose anasema, walichoka kumwandikia mtu maneno ambayo angesomewa na jirani. Kwa hiyo walituma kanda. Bosi Anélus alikuwa na mashine moja ya kurekodi, kipaza sauti kilichofungwa kitambaa, na kiti. Mtu alikaa, akaongea na mume wake aliyeko ng'ambo ya maji kana kwamba amekaa mbele yake.

"Walivaa vizuri," Yvrose anakumbuka, na anatabasamu peke yake. "Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Sauti haina nguo, lakini mama alikuja na gauni la kanisani, watoto wamepakwa mafuta, nywele zimesukwa. Baba hakuwahi kumcheka mtu. Kuna mzee mmoja alileta mbuzi, ili kaka yake asikie mwenyewe kwamba mbuzi aliyemwacha bado yuko hai. Mbuzi akakataa kulia. Walimbembeleza hadi upande mmoja wa kanda ukaisha."

Kanda ziliporudi kutoka ng'ambo, zikiwa mfukoni mwa msafiri au ndani ya kopo la siagi, zilisikilizwa uani. Betri ziliwekwa juani asubuhi nzima ili zipate nguvu. Majirani walikaa. Mtu aliyeondoka alianza kwa kutaja majina, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekaa pale alisubiri jina lake.

"Ukiachwa, ulinuna wiki nzima," anasema. "Ukitajwa, hata kama ni 'msalimie na yule Yvrose wa Bosi Anélus', ulitembea mabega juu. Leo mtu anakutumia ujumbe kila saa, na huukumbuki hata mmoja."

Kisha simu zikaingia na kanda zikaacha kusafiri. Bosi Anélus alifariki mwaka 1999, mashine yake ikiwa imefunikwa kwa taulo.

Wakati huo Yvrose alikuwa mji mkuu, fundi mitambo katika redio moja ndogo ya kijamii. Ni huko alikojifunza kubana. Redio ilipaswa kutuma vipindi kwa redio rafiki za mikoani, na intaneti ya miaka ile ilikuwa nyembamba kama uzi. Kipindi kikiwa kizito, hakikufika. Kikiwa chepesi mno, kilifika lakini mtangazaji alisikika kama mgonjwa.

"Nilikaa nikijaribu kiwango hiki na kile mpaka masikio yanawaka," anasema. "Nikajua kwamba mtu mmoja anayeongea hali nafasi nyingi. Bendi inakula. Matoazi yanakula zaidi. Na kinachokula kuliko vyote si muziki. Ni makofi ya watu wengi, mawimbi, mvua. Vitu visivyo na mpangilio. Sauti ya mtu ina njia, programu inaifuata. Mvua haina njia. Kila tone linakuja kivyake, programu haijui itupe lipi, basi inatupa ovyo."

Tetemeko la mwaka 2010 liliiangusha ile redio. Yvrose alirudi nyumbani, na nyumbani nako nusu ya mji ilikuwa chini. Watu walipokuwa wakichimbua vifusi, walitoa picha, vyeti, na kanda. Walimkumbuka binti wa Bosi Anélus. Walianza kumletea kanda zikiwa kwenye mifuko ya plastiki, na mpaka leo hawajaacha.

Kati ya kanda zote zilizopita mezani kwake, anasema, hakuna iliyomsumbua kama ile ya Mama Iphonise.

Iphonise Bellegarde ana miaka zaidi ya themanini na anaishi peke yake nyuma ya kanisa. Mumewe, Mérilus, aliondoka kwenda Nassau mwaka 1983 kufanya kazi za bustani. Hakurudi. Aliugua na kufia huko mwaka 1991. Mkewe alibaki na kanda moja tu aliyotumiwa mwaka wa kwanza, na aliisikiliza mpaka redio yake ya kanda ilipokufa.

Mei ya mwaka jana aliileta. Kazi ilikuwa imelipiwa na mwanawe wa kiume, Ducarmel, anayeendesha magari ya kusafisha theluji huko Montréal. Na aliyelipa ndiye aliyetoa maagizo, kwa simu.

"Aliniambia, 'Fundi, ni baba anaongea tu, hakuna muziki. Ibane mpaka ipite kwenye WhatsApp bila shida. Safisha makelele. Na katikati kuna sehemu tupu, ikate.'"

Yvrose aliicheza kanda mara moja. Hapakuwa na mara ya pili. Ulikuwa utepe uliochoka, ukiacha unga wa kahawia kwenye mashine kadiri ulivyopita, na ulipofika mwisho ukakatika kwenye gurudumu. Kilichobaki ni sauti nzito, isiyobanwa, ndani ya kompyuta yake.

Akaikata na kuisafisha kama alivyoambiwa. Akaibana sana, kwa sababu lilikuwa ni neno la mtu mmoja na kipaza sauti kimoja. Faili likawa dogo kabisa. Mérilus alisikika waziwazi. Ducarmel alishukuru. Faili lilelile Yvrose aliliweka kwenye simu ya vitufe ya Mama Iphonise, na akamfundisha kitufe cha kubonyeza.

Kabla ya wiki kuisha, Mama Iphonise alirudi. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya Yvrose kufuta. Diski yake ni ndogo. Kila Jumamosi anafuta zile sauti nzito za kazi zilizokwisha kuchukuliwa ili apate nafasi ya kazi mpya. Siku hiyo alikuwa ameshaanza.

Mama Iphonise hakugomba. Alikaa, akaweka simu mezani, akaomba maji. Kisha akasema, "Mwanangu, mume wangu amemaliza kuongea mapema."

"Mapema vipi, mama?"

"Ananisalimia, anataja watu, anauliza habari za ng'ombe. Halafu anasema, 'Ifo, sikiliza.' Baada ya hapo nilikuwa nasikiliza. Sasa akisema 'sikiliza', papo hapo ananiaga."

Yvrose aliacha kufuta. Aligeukia kompyuta. Sauti nzito ya Mérilus ilikuwa bado haijafutwa. Ilikuwa ya tatu kwenye foleni.

Akaifungua ile sehemu aliyoikata bila kuisikiliza vizuri, ile ambayo Ducarmel aliiita tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa mvua juu ya bati, mvua kubwa ya Nassau, dakika kadhaa bila neno hata moja. Mérilus alikuwa ameacha kuongea na kukielekeza kipaza sauti juu.

"Nilimuuliza Mama Iphonise, kwa nini alifanya hivyo?" Yvrose anasimulia. "Akaniambia kwamba walipooana walikuwa na nyumba moja ya bati, chumba kimoja. Mvua ikinyesha hamwezi kusikilizana hata mkipiga kelele. Kwa hiyo walikaa tu. Akasema hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao mazuri kuliko yote. Mwanamume akiwa Nassau akasikia mvua juu ya bati, akamtumia."

Yvrose akairudisha mvua mahali pake na kuibana kwa kiwango kilekile cha mwanzo. Akamchezea.

Mama Iphonise alisikiliza kwa makini, kisha akatikisa kichwa. "Hiyo siyo mvua," akasema. "Hizo ni ndizi zinakaangwa."

Na kweli, Yvrose anakiri kwa kicheko, zilikuwa ndizi. Kiwango kile kilichotosha neno la Mérilus kilikuwa kimeitafuna mvua yake ikawa mlio wa mafuta ya moto. Angeweza kupandisha kiwango cha faili zima, lakini kadi ya ile simu ilikuwa imejaa nyimbo za kanisa na mahubiri, na Mama Iphonise alishasema nyimbo hazitoki.

Wakati bado wanafikiri, Ducarmel akapiga simu. Alikuwa amesikia kutoka kwa mama yake kwamba kazi inarudiwa. Yvrose akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mama, ile ni mvua tu," Ducarmel akasema. "Hakuna neno pale. Unajaza simu kwa mvua."

"Baba yako aliniambia nisikilize."

"Mvua ile mimi naijua, mama. Nilienda kuishi naye chini ya paa lile nikiwa na miaka kumi na minne. Unajua tulikuwa tunafanya nini mvua ikinyesha hivyo? Tulikuwa tunahamisha godoro. Kona hii, kona ile. Baba anakohoa, mimi nimeshika beseni. Wewe hukuliona paa lile."

Mama Iphonise akaisogelea ile simu, kwa maana haamini kwamba inasikia akiwa mbali.

"Sikuliona," akasema. "Hakuniambia linavuja."

"Hakukwambia kwa sababu hakutaka ulie."

"Basi na wewe usingeniambia."

Ducarmel akasema taratibu, "Nisamehe, mama. Fanyeni mnavyotaka. Ila mimi usinitumie hiyo. Nibaki na yangu."

Yvrose anasema hakujua aangalie wapi. Alijifanya anafuta vumbi kwenye kibodi. Mama Iphonise alipangusa macho kwa upande wa kiganja, akamwambia, "Endelea, mwanangu. Sasa ndiyo naitaka zaidi. Nataka kusikia kama ilikuwa inavuja."

Alichofanya fundi baada ya hapo kilikuwa na hatua mbili.

Kwanza, programu ya kubana ilikuwa ikihifadhi sauti mara mbili, ya sikio la kushoto na ya sikio la kulia, ingawa Mérilus alikuwa na kipaza sauti kimoja na pande zote mbili zilifanana. Yvrose akaifanya iwe chaneli moja. Hapo pekee uzito uliokuwa ukipotea bure ukawa nafasi.

Pili, badala ya kubana kwa kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho, aliiachia programu itumie kidogo pale Mérilus anapoongea na nyingi pale mvua inaponyesha. "Ni kama kugawa nyama," anasema. "Huwapi watu sawa. Unampa zaidi aliyetoka kulima." Wala safari hii hakusafisha chochote. Kile kinachoitwa makelele kilikuwa ndiyo barua yenyewe.

Akatengeneza matoleo matatu: moja lililobanwa sana, moja la kati, na moja lililobanwa kidogo tu. Akayaweka kwenye simu ya Mama Iphonise mwenyewe, si kwenye spika zake nzuri, kwa sababu ni kwenye ile simu ndiko yangeishi. Akamchezea bila kusema lipi ni lipi, akayachanganya, akamchezea tena.

Ducarmel alikuwa amewahi kumwambia kwamba mama yake hasikii vizuri siku hizi na hatajua tofauti. Alijua. Lile lililobanwa sana alilikataa kabla hata halijafika nusu.

"Na haya mawili?"

Akayasikiliza tena. "Haya ni mapacha."

"Huoni tofauti kabisa?"

"Mmoja kanenepa kidogo, labda. Lakini ni mama mmoja."

Wakachukua la kati. Bado lilihitaji nafasi kidogo kwenye kadi. Yvrose akamsomea orodha ya vitu vilivyomo. Nyimbo zote zilitetewa, moja baada ya nyingine, hadi wakafika kwenye mahubiri marefu ya mwaka mpya.

"Hayo toa," Mama Iphonise akasema. "Mchungaji yupo. Nitamsikia Jumapili."

Kuna kasoro moja ambayo Yvrose hakuweza kuitibu. Simu za zamani hazijui kuhesabu muda wa faili la namna hiyo, na ile simu inadai kwamba Mérilus anaongea kwa saa nzima na zaidi. Mama Iphonise alipoelezwa, alisema hilo halimsumbui.

Nilimtembelea Mama Iphonise nyumbani kwake, nyuma ya kanisa. Alikuwa anachambua maharage, simu imewekwa kwenye bakuli la bati ili sauti ikue. Mérilus alitaja majina. Watu aliowataja wengi wamekwishazikwa. Aliposema "Ifo, sikiliza," mikono ya mama ikasimama juu ya maharage na haikusogea mpaka mvua ilipoisha.

Je, alisikia kama paa lilikuwa linavuja?

"Kuna tone moja karibu na kipaza sauti," akasema. "Linaanguka kwenye kitu kama sufuria. Miaka yote hiyo nilidhani ni saa ya ukutani."

Ducarmel mpaka leo ana toleo lake fupi, lisilo na mvua. Nilipompigia, alisema halisikilizi mara kwa mara, lakini analo. "Mama ana mume wake wa kwenye kanda, mimi nina baba yangu wa kwenye godoro," alisema. "Wote ni yeye."

Lakini mazungumzo yale ya mezani kwa Yvrose hayakumwacha Ducarmel salama. Mwezi wa Oktoba alishuka kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yake na kufungua begi la baba yake, ambalo alilibeba kutoka Nassau na hakuwahi kulifungua tangu mazishi. Ndani mlikuwa na mashati mawili, mkasi wa bustani, na kanda tatu. Zilikuwa za Mama Iphonise. Ndizo zile alizomjibu mumewe, zilizorekodiwa Petit-Goâve kwenye kiti cha Bosi Anélus.

Ducarmel hakuwa na mashine ya kanda isipokuwa ile ya gari la jirani yake. Akaichomeka moja, akashika simu karibu na spika ya mlango, akamtumia Yvrose ujumbe mfupi wa sauti ili amuulize kama inafaa kutengenezwa.

Ujumbe ule ulikuwa umebanwa vibaya, kama zilivyo sauti zote za simu. Injini ya gari ilikuwa inanguruma. Kabla Mama Iphonise hajaanza kuongea, mwanamume mmoja alisikika akitaja jina la mji na tarehe, Machi mwaka 1984. Kisha akasema, "Haya mama, sema. Inazunguka."

Yvrose alikuwa amesimama. Anasema alikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Ni baba," anasema. "Hivyo ndivyo alivyomwanzishia kila mtu. Tarehe, halafu 'sema, inazunguka'. Nilikuwa nimesahau kwamba alisema hivyo. Nilikuwa nimesahau hata sauti yake ni nyembamba. Kichwani mwangu nilikuwa nimempa sauti nene."

Bosi Anélus alirekodi mji mzima na hakujirekodi. Nyumbani kwao hakuna kanda yake hata moja. Binti yake ametoa sauti kwenye mamia ya kanda na hakuwahi kumkuta, na sababu ni rahisi: zinazobaki Petit-Goâve ni zile zilizotoka ng'ambo. Zile alizorekodi yeye zilikwenda huko na kubaki huko.

Alimpigia Ducarmel palepale. "Nilimwambia, kaka, itoe hiyo kanda kwenye gari. Usiicheze tena. Usimpe mtu aicheze. Ifunge kwenye kitambaa, uilaze mahali pakavu, mbali na spika."

"Unaniogopesha, fundi," Ducarmel akamjibu. "Ni kanda au ni mtoto mchanga?"

"Leo ni mtoto mchanga."

Kanda hizo tatu sasa ziko njiani. Kwa kuwa barabara ya kwenda mji mkuu haipitiki kwa usalama, zinapita kaskazini mwa nchi, mkononi mwa mama mmoja muumini wa kanisa la Ducarmel anayerudi kuzika ndugu. Zitabadilisha mikono mara mbili au tatu kabla ya kufika. Ndivyo zilivyoondoka pia, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, mfukoni mwa msafiri.

Yvrose amebadilisha mkanda wa mashine yake na kusafisha kwa spiriti kichwa kinachosoma kanda. Ameacha kufuta siku za Jumamosi. Dada yake alimkopesha pesa za diski kubwa, na sauti nzito zote zitakazopita mezani kuanzia sasa zitabaki kama zilivyo, na zile za kubana zitatengenezwa kutoka humo, kila moja kwa kiasi cha simu ya mwenyewe.

Ameandika pia ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wana Petit-Goâve walioko nje. Anawaomba watazame chini ya vitanda na ndani ya mabegi ya marehemu. Wasizicheze kanda kwenye gari. Kama kuna fundi huko, atoe sauti kwa chaneli moja, asiibane, na asisafishe chochote. Tayari amejibiwa kutoka Cayenne na Brooklyn.

Anasema kanda za Mama Iphonise hatazisikiliza peke yake. Atamwita akae pale mezani, kwa maana barua ni zake. Bosi Anélus alikuwa anafungua mlango tu.

Nilimuuliza anatarajia kupata nini, ikiwa maneno ya baba yake yatakuwa yaleyale machache mwanzoni mwa kila kanda. Alifikiri kidogo huku akizungusha penseli ndani ya tundu la kanda ya mteja.

"Ni kanda tatu, pande sita," akasema. "Mtu akimaliza kuongea, baba alitakiwa kuzima mashine. Labda mara moja alichelewa kuzima. Labda alimuuliza Mama Iphonise kama amekula, au alinigombeza mimi nisicheze karibu na waya."

Akaendelea kuzungusha penseli.

"Baba hakuwa mtu wa kusahau," akasema. "Lakini siku moja tu ya kuchelewa, hiyo inanitosha."